Mayai ya chatu yalibonyea, sasa yanatonewa maji: nifanyeje?

SWALI

Mshauri, salaam, na pole na majukumu.

Mimi ni mhudumu katika bustani ndogo ya nyoka yenye leseni, mkoani Arusha. Chatu wetu mmoja ametaga mayai 22. Banda lake hutembelewa na wageni mchana kutwa, naye kila akishtuliwa alikuwa anayaacha mayai na kujikunyata pembeni, kwa hiyo uongozi ukaamua tuyatoe na kuyatotolesha wenyewe. Leo ni siku ya 19.

Tunatumia kabati la mbao la kutotoleshea vifaranga, kazi ya fundi wa hapa mjini. Lina balbu mbili sakafuni, feni, sinia la maji na themostati. Trei za kugeuza mayai nilizitoa, nikayapanga mayai kwenye beseni pana lenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) mbichi. Joto niliweka nyuzi 31, na unyevu asilimia 60 kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Haikufika wiki mbili, mayai sita yakawa yamebonyea kwa juu. Nikaanza kuyapulizia maji kwa chupa, asubuhi na jioni. Mawili kati yake yakaota ukungu.

Mwenzangu mmoja akashauri tuyahamishie kwenye maboksi mawili ya plastiki yenye mifuniko, chini tuweke maranda ya mbao yaliyoloweshwa. Tukafanya hivyo. Sasa kipimaunyevu kinasoma 99 usiku na mchana, mfuniko unatona maji juu ya mayai, na mayai mawili yana madoa yaliyolowa ambayo mwanga unapenya. Kwa hiyo kwanza yalikauka, sasa yanazama.

Naomba kujua: unyevu uwe asilimia ngapi hasa? Yale yaliyobonyea yanaweza kupona? Yenye ukungu niyatupe? Na huku kwetu usiku kuna baridi, umeme nao hukatika mara kwa mara, nao ukikatika ndipo matone yanapozidi. Nifanyeje?

Mhudumu wa nyoka, Arusha

JIBU

Ndugu Mhudumu, salaam.

Siku ya 19 bado ni mapema. Mayai ya chatu kwa nyuzi 30 hadi 32 huchukua miezi miwili na nusu hivi, wakati mwingine karibu mitatu, kwa hiyo muda wa kurekebisha unao. Ila kuna kazi mbili za kufanya leo, kabla hujamaliza kusoma mengine.

Ya kwanza, yatoe mayai kwenye maranda. Maranda yaliyolowa huoza upesi na kulisha ukungu, na huwezi kujua kama mbao zilikotoka zilipakwa dawa ya mchwa. Ya pili, acha kabisa kupulizia. Unapoyahamisha, weka alama ndogo ya penseli juu ya kila yai, kisha uliinue na kuliweka upande uleule ukiwa juu. Baada ya siku moja au mbili za kwanza, kiinitete cha nyoka, yaani mtoto anayeanza kukua ndani ya yai, huwa kimejishikiza upande wa juu wa ganda. Ukilipindua yai, unaweza kukiua. Kuzitoa trei za kugeuza kulikuwa uamuzi sahihi. Mayai yaliyogandamana usiyabandue. Yahamishe kama bonge moja hata kama ni mazito.

Tatizo la mwanzo lilitoka kwenye ile karatasi ya maelekezo. Yai la kuku lina ganda gumu, na ili kifaranga apate chumba cha hewa cha kuanzia kupumua, linatakiwa kupoteza maji kadiri ya asilimia 12 au 13 ya uzito wake kabla ya kutotoa. Ndiyo maana mashine za kuku huwekwa asilimia 55 hadi 60, na feni yake ina kazi ya kuchukua mvuke na kuutoa nje. Yai la chatu linataka kinyume chake. Ganda lake ni laini kama ngozi, halina chumba cha hewa, na yai lililo katika hali nzuri hunyonya maji na kuongezeka uzito linapokua. Ukiliweka wazi kwenye hewa ya asilimia 60 inayopepewa na feni, linapoteza maji kwa juu kuliko linavyopata kutoka chini. Kokopiti yako huenda haikuwa na kosa. Beseni lilikuwa wazi, basi.

Porini chatu hutaga kwenye mashimo ya muhanga yaliyoachwa, mapangoni na kwenye vichuguu, ambako hewa haitembei na imejaa mvuke. Kisha jike hujizungushia mayai kwa mwili wake, na kule kujizungushia hupunguza sana maji yanayotoka. Ukimwondoa yeye, lazima utengeneze kitu kingine cha kufanya kazi hiyo.

Umeuliza asilimia ngapi. Hewa inayogusa ganda iwe kati ya 90 na 100, wala usiumize kichwa zaidi ya hapo. Kwanza, vipimaunyevu vya bei nafuu haviaminiki vikipita 95. Vingi hufika 99 na kuganda hapo, hivyo havikuelezi kama hali ni nzuri au imepita kiasi. Pili, na hili ndilo la kushika, hewa yenyewe hubeba maji kidogo mno. Kwa nyuzi 31, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba mvuke ina gramu 32 tu za maji. Boksi lako la lita 24 lina gramu 0.77, haifiki hata gramu moja. Kile unachokisoma kwenye kipimaunyevu ni habari ya hiyo gramu isiyotimia, wakati chini ya boksi kuna mamia ya gramu. Akiba ya maji iko chini, na ndiyo ya kusimamia. Unaisimamia kwa mizani.

Kipimaunyevu bado kina kazi nje ya boksi, ndani ya kabati, kukuonyesha kabati ni kavu kiasi gani. Kabla ya kukiamini, kipime. Chukua kizibo cha soda, weka chumvi ya mezani na matone machache ya maji hadi iwe uji mzito, isiyeyuke yote. Kiweke kizibo pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, viache saa 12 mahali penye joto la kawaida. Hewa juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Chako kikisoma 69, ujue kinapunguza 6.

Sasa maboksi. Uliyonayo yatafaa kama yana ukubwa wa sentimita 40 kwa 30, kimo 20. Mayai 11 kwa boksi, yana uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kabla ya kupanga mayai, yaoshe maboksi kwa maji ya moto na sabuni, yasuuze vizuri, yakauke.

Kwa mayai ya chatu, njia tunayoipendekeza ni kuyaweka juu ya wavu, yasiguse kitu kilicholowa. Mayai haya hayavumilii kukaa kwenye tope kwa muda mrefu, na njia ya wavu inakuondolea kazi ya kukisia kama udongo umelowa mno. Nunua perlaiti, zile chenga nyeupe nyepesi za kuoteshea miche, kwa wauza pembejeo wanaohudumia mashamba ya maua na vitalu vya mboga, Arusha haikosekani. Kwa kila boksi weka gramu 350, itafika kimo cha sentimita 3, kisha mimina mililita 500 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi vuguvugu. Changanya kwa mkono. Usiweke maji matupu bila perlaiti: yanamwagika unapobeba boksi, na mtoto wa nyoka akitumbukia anaweza kufa maji, hasa wale wadogo wa aina nyingine.

Juu yake weka wavu mgumu wa plastiki, ule wa vyumba vya mraba unaofunika taa ndefu za maofisini, au kipande kilichokatwa kwenye rafu ya plastiki ya kukaushia vyombo. Piga msasa kingo zote zilizokatwa. Miguu ya wavu iwe vipande sita vya bomba la plastiki la nusu inchi, kila kimoja sentimita 5, ili ubaki na nafasi ya sentimita 2 kati ya perlaiti na wavu. Miguu minne haitoshi, wavu utapinda katikati kwa uzito wa mayai. Mfuniko ukae barabara. Toboa matundu manne ya milimita 3 karibu na ukingo wa juu, mawili kila upande, uyafunike kwa chachi iliyobandikwa na gundi. Kuna vinzi vidogo sana vinavyovutwa na harufu ya yai lililooza; vikitaga humo, funza hula na mayai mazima.

Ukikosa perlaiti, vamikulaiti (chenga nyepesi za madini zinazoshika maji) inafaa: uzito mmoja wa vamikulaiti kwa uzito mmoja wa maji, yaani gramu 600 kwa mililita 600. Pima kwa uzito, usipime kwa vikombe, kwa sababu vamikulaiti ya chenga kubwa na ya chenga ndogo hujaza kikombe kimoja kwa uzito tofauti kabisa. Kokopiti nayo inatumika chini ya wavu, ila iloweke, ikamue, na ukiifinya kiganjani kwa nguvu zako zote isitoe hata tone. Ikitoa, iongezee kavu. Kokopiti ni ya mwisho katika hizi tatu, kwa kuwa ni mabaki ya mmea na ukungu unaipenda.

Boksi likishapangwa mayai na kufunikwa, liweke lote kwenye mizani ya jikoni ya kilo 5 inayosoma gramu moja moja. Andika uzito juu ya mkanda wa karatasi ubavuni, pamoja na tarehe. Boksi hilo litakuwa na kilo tatu na nusu hivi. Kila baada ya siku saba lipime tena, likiwa limefunikwa. Maji yaliyohama kutoka kwenye perlaiti kwenda ndani ya mayai hayabadilishi uzito wa boksi zima. Kilichopungua ni kile kilichotoka nje. Umepungukiwa gramu 12? Rudisha mililita 12 za maji vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukipitisha pembeni hadi kwenye perlaiti, pasipogusa yai. Boksi lililofungwa vizuri hupoteza gramu chache tu kwa wiki. Ukikuta 40 au 50 zimekwenda, usiridhike kwa kujaza maji. Mfuniko haukai au kuna ufa, tafuta.

Hesabu ileile ya hewa inakuondolea hofu nyingine ambayo huwafanya wahudumu wengi wakosee. Wanaogopa kufungua boksi wasije wakapoteza unyevu. Ukifungua unapoteza sehemu ya hiyo gramu isiyotimia, na perlaiti huirudisha baada ya muda mfupi. Kinachokausha mayai ni kukaa wazi, siku baada ya siku, mbele ya feni. Kufungua kwa dakika moja hakuna neno. Kwa hiyo fungua mara moja kwa wiki kwa mwezi na nusu wa kwanza, upepee hewa kwa mfuniko mara tatu nne. Wiki tatu za mwisho fungua kila siku. Viinitete vikiwa vikubwa hutumia oksijeni nyingi, na matundu manne ya milimita 3 hayaingizi ya kutosha. Mayai kufa mwishoni kabisa yakiwa na watoto waliokamilika mara nyingi hulaumiwa unyevu, kumbe walikosa hewa.

Tuje kwenye matone. Hayatokani na unyevu kuzidi hewani. Yanatokana na mfuniko kuwa na baridi kuliko kilicho chini yake. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 90 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 29. Tofauti ya nyuzi mbili tu inatosha. Na kabati lako lina kila sababu ya kuileta tofauti hiyo: balbu ziko sakafuni, zinachemsha kitako cha boksi, maji yanapanda kama mvuke, yanakutana na mfuniko uliopoa, yanadondoka, yanapanda tena. Ni mzunguko usiokoma. Ndiyo maana kupunguza maji chini hakutakusaidia. Hata perlaiti yenye maji kidogo itaendelea kutona mradi kitako ni cha moto na mfuniko ni baridi.

Zihamishie balbu kwenye kuta za pembeni, usawa wa juu ya maboksi, na uzikinge kwa kipande cha bati ili zisimulike maboksi moja kwa moja. Balbu nne za wati 25 zilizotawanywa ni bora kuliko mbili za wati 60 sehemu moja. Feni ielekee ukutani, izungushe hewa ya kabati nzima, isipulize mfuniko. Maboksi yasikae sakafuni. Yaweke juu ya fito, hewa ipite chini. Sinia la maji liondoe, halina kazi tena, litaozesha mbao tu.

Halafu angalia themostati. Nyingi zinazofungwa kwenye mashine za kienyeji huwasha na kuzima kwa tofauti ya nyuzi mbili au tatu, na kila balbu zikizimika mfuniko, kwa kuwa ni mwembamba, hupoa kabla ya mayai. Tumia themostati ya kidijitali inayokuruhusu kuweka tofauti ya nyuzi 0.5. Kihisi chake kikae nje ya boksi, usawa wa mayai. Kipimajoto cha pili kipitishe waya ndani ya boksi, ncha yake ilale katikati ya mayai. Hicho ndicho cha kusoma. Lenga 31. Ikifika 34 na kuendelea unahatarisha watoto wenye mgongo uliopinda au kufia ndani ya yai, kwa hiyo joto kuzidi ni la kuogopwa kuliko kupungua kidogo kwa usiku mmoja.

Matone machache yatabaki hata ukifanya yote haya, hasa mwishoni, kwa sababu mayai yenye watoto wakubwa hutoa joto lao wenyewe. Weka kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2 chini ya ncha moja ya boksi ili maji ya kwenye mfuniko yateleze hadi ukingoni na kushuka ubavuni. Ukiinamisha, hakikisha mayai hayabingiriki. Yazuie kwa vipande vya sponji kavu. Yai lililotonewa likaushe kwa karatasi laini kwa kugusa tu, bila kusugua. Tone lililotulia juu ya ganda huziba hewa mahali hasa ambapo kiinitete kinapumulia, na ndivyo kupulizia kwako kulivyodhuru ingawa nia ilikuwa njema.

Umeme ukikatika usiku wa baridi ya Juni au Julai, usifungue kabati. Jaza nafasi zote tupu za kabati kwa chupa za maji za lita moja na nusu, zikae humo siku zote. Zikishapata nyuzi 31 hupoa polepole na kuvuta muda wa kutosha kwa katizo la saa mbili tatu. Katizo likirefuka, weka dumu la lita 5 lenye maji ya nyuzi 45 hivi, limefungwa taulo, kwenye rafu ya juu ya maboksi. Watu wengi huliweka chini, na hapo ndipo matone yanapomwagika, kwa sababu ileile ya balbu. Kwa nje, zungushia kabati blanketi au mbao za foamu nyeupe, kama zile za maboksi ya kusafirishia samaki. Mayai ya chatu yakishuka hadi nyuzi 26 kwa saa chache hayafi; yanachelewa tu. Umeme ukirudi, usipandishe kipimo juu ya 31 ili "kufidia".

Sasa mayai yako moja moja. Zima taa, shika tochi ya simu, igusishe ubavuni mwa yai bila kuliinua. Ukiona mishipa myekundu, yai li hai, hata kama limebonyea vibaya. Ukiona umanjano mtupu bila mshipa wowote, huenda ni yai viza, lakini katika siku ya 19 yai lenye ganda nene linaweza kukudanganya. Rudia baada ya wiki.

Yaliyobonyea na yenye mishipa yanapona mara nyingi. Yaweke katikati ya boksi jipya, chukua kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kisha kikakamuliwa kabisa, ukiegemeze ubavuni mwa yai bila kufunika juu. Kiache siku tatu hadi tano, ukikilowesha upya kila siku. Yai hujaa polepole. Likishafura, ondoa kitambaa siku hiyohiyo. Usijaribu kudunga maji kwa sindano, hata ukiambiwa kuna mtu alifaulu. Na usichanganye kubonyea huku na kule kwa mwisho: wiki moja au mbili kabla ya kutotoa, mayai mengi hulegea na kubonyea kwa sababu mtoto anamaliza kiini na maji. Hapo ukiongeza maji unaharibu kazi yako yote.

Mawili yenye madoa yanayopenyeza mwanga yakaushe, yaweke juu ya wavu, uyaache. Ganda hapo ni jembamba au limeshiba maji. Likikaa pakavu kwa mguso na penye mvuke kwa hewa, mengi huendelea vizuri. Utajua yai limezidiwa maji likiwa limefura na kukaza, linang'aa, na linatoa jasho hata mfuniko ukiwa mkavu. Ganda la namna hiyo hupasuka lenyewe, au mtoto hutoka na tumbo kubwa la kiini ambacho hakikuisha. Upande wa pili, watoto wa mayai yaliyokauka hutoka wadogo, wengine hushindwa kuchana ganda lililokakamaa.

Kuhusu ukungu, usitupe yai kwa sababu ya ukungu peke yake. Ukungu kwa kawaida huanzia kwenye yai lililokufa, lakini huweza pia kushika uchafu na damu kidogo iliyobaki juu ya yai zima. Mulika. Lenye mishipa lipanguse kwa pamba kavu. Wafugaji wengi huongeza unga kidogo wa dawa ya fangasi wa miguuni kwa kijiti cha pamba, mahali pa ukungu tu. Lisilo na mishipa, lenye rangi ya kijivu au kijani na linalonuka, liondoe kama limejitenga. Kama limegandamana na mazima, liache, lizungushie kitambaa kikavu, ulikague kila siku. Ukilazimisha kulibandua utachana ganda la jirani.

Siafu na sisimizi nao ni adui wa kweli, na harufu ya yai linalochanika huwaita. Miguu ya kabati isimame kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, na kabati lisiguse ukuta wala pazia.

Kwa aina nyingine mlizonazo, kanuni ya mizani haibadiliki, ila joto hubadilika. Nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia, mayai yake hutaka nyuzi 27 hadi 29, na kwa kuwa ni madogo hukauka upesi zaidi; hayo unaweza kuyalaza ndani ya vamikulaiti ya uzito sawa na maji, yakizama nusu. Kifutu hakuhusu hapa, kwani huzaa watoto hai.

Wiki ya kutotoa ndiyo wiki ya kutochezea unyevu. Mtoto wa kwanza akichana ganda, ute huanza kutiririka na boksi huonekana limelowa kupita kiasi, usikaushe chochote. Hewa ikikauka wakati huo, ute hugeuka gundi na ganda humng'ang'ania. Mtoto atatoa pua na kukaa hivyo siku moja hadi mbili akimalizia kiini. Usimvute. Endelea kufungua na kupepea kila siku, kwa dakika moja tu. Zikipita siku nne tangu wa kwanza achane na kuna mayai ambayo bado yako kimya, mulika. Yenye kivuli kinachotikisika yafungulie kidirisha cha sentimita moja kwa mkasi mdogo wa ncha butu, juu kabisa ya yai, ukikwepa mishipa, kisha ufunike boksi na kusubiri tena.

Wanaotoka wahamishie kila mmoja kwenye boksi lake lenye karatasi za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa, nyuzi 29 hadi 31, hadi wajivue gamba la kwanza. Yule mwenye kiini kinachoning'inia kitovuni asiwekwe kwenye karatasi kavu hata saa moja. Kitanata na kuchanika. Na idadi yao iandikwe kwenye daftari la kituo siku hiyohiyo, pamoja na mayai yaliyokufa, kwa sababu chatu wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mkaguzi wa leseni atataka mayai 22 yaelezwe yote.